JEAN ITARD: DAKTARI WA JESHI ALIYEMFUNDISHA MTOTO ASIYESEMA

Askari wa zamu akutanapo na mtu asiyemjua, jambo la kwanza ni kumwuliza jina lake, atokako na aendako. Mwenye kujibu sawasawa hupita, asiyejibu hushukiwa. Ndiyo desturi ya kazi, wala haina ubaya, maana ulinzi haufanywi kwa kubahatisha. Hata hivyo, wapo watu wasiojibu kwa sababu hawakupata kamwe lugha ya kujibia. Wengine ni viziwi tangu kuzaliwa. Wengine wasikia vyema, ila maneno hayakai vichwani mwao kama yakaavyo vichwani mwetu. Wengine hawakulelewa na mtu wa kuwafundisha kusema. Kwa muda mrefu dunia iliwachanganya wote hao katika kundi moja, ikawaita mabubu na wapumbavu, na milango ya shule ikafungwa mbele yao.

Miongoni mwa watu wa kwanza walioukataa mchanganyo huo ni Daktari Jean Marc Gaspard Itard wa Ufaransa. Maisha yake yastahili kujulikana na askari na polisi kwa sababu mbili. Kwanza, yeye mwenyewe alianza utumishi wake jeshini. Pili, mwanafunzi wake mashuhuri kuliko wote alipata kukamatwa na kuwekwa kizuizini, si kwa kosa alilotenda, bali kwa kuwa hakuweza kusema yeye ni nani.

JESHI LILIMFANYA DAKTARI

Itard alizaliwa mwaka 1774 katika mji mdogo wa Oraison, kusini-mashariki ya Ufaransa, katika nchi ya milima iitwayo Provence. Sehemu ya malezi yake aliipata kwa ami yake aliyekuwa padre katika mji wa Riez, kisha akapelekwa kusoma Marseille. Jamaa zake hawakumkusudia udaktari. Walitaka awe mtu wa biashara na hesabu za fedha.

Lakini mwaka 1789 mapinduzi yalizuka Ufaransa, na baada ya miaka michache nchi ile ikawa vitani na wafalme wa majirani zake. Mwezi Agosti 1793 serikali ilitoa amri ya kuwaita jeshini vijana wote wasiooa wa umri wa miaka 18 hadi 25. Itard alikuwa na miaka 19. Wazee wake, wakiogopa kumpoteza mstari wa mbele, walimtafutia nafasi ya msaidizi katika hospitali ya jeshi. Kijana huyo hakuwa amesoma udaktari hata siku moja. Alijikuta katikati ya majeruhi, dawa na visu vya kupasulia, na ilimbidi ajifunze au aaibike.

Alijifunza. Huko Toulon alisikiliza mafundisho ya Dominique Jean Larrey, daktari mpasuaji ambaye jina lake ladumu katika historia ya majeshi kwa sababu ndiye aliyeanzisha magari mepesi ya farasi ya kuwachukua majeruhi uwanjani wakati mapigano yangali yakiendelea. Larrey alipohamia Paris mwaka 1796 kufundisha katika hospitali ya jeshi ya Val-de-Grâce, Itard alimfuata. Hivyo kijana aliyeingia hospitalini ili aepukane na vita akatoka akiwa daktari mpasuaji kamili, mwenye macho ya kuangalia jeraha bila kugeuka na moyo wa kutokata tamaa upesi. Sifa hizo mbili ndizo zitakazomfaa baadaye darasani.

Jirani ya hospitali hiyo, katika barabara ya Saint-Jacques, palikuwa na shule ya viziwi. Shule hiyo ilitokana na kazi ya padre Charles-Michel de l'Épée, aliyeanza kuwafundisha viziwi kwa ishara za mikono katika miaka ya 1760, na mwaka 1791 serikali ikaichukua mikononi mwake. Mkuu wake wakati huo alikuwa padre Sicard. Mwishoni mwa mwaka 1800 Itard aliteuliwa kuwa daktari wa shule ile. Alikuwa na umri wa miaka 26, na humo ndimo alimofanya kazi mpaka mwisho wa maisha yake.

MTOTO WA MSITUNI

Miezi michache kabla ya uteuzi huo alikuwa ameletwa shuleni mtoto wa kiume ambaye magazeti yote ya Paris yalikuwa yakimzungumza. Katika misitu ya kusini ya Ufaransa, upande wa Lacaune, wakulima walikuwa wamemwona mara kwa mara tangu mwaka 1797 mtoto aliye uchi akichimbua mizizi na kuokota mbegu za mialoni. Alikamatwa na kutoroka zaidi ya mara moja. Mwezi Januari 1800, baridi ilipokuwa kali, alitokea mwenyewe karibu na kijiji cha Saint-Sernin katika jimbo la Aveyron, akaingia katika nyumba ya fundi wa kutia nguo rangi. Alikadiriwa kuwa na umri wa miaka 11 au 12. Mwilini alijaa makovu, na mbele ya koo lake palikuwa na kovu refu lililoonekana kama la kisu. Hakusema neno, wala hakuonekana kusikia aliposemeshwa.

Serikali iliamuru apelekwe Paris, akafika mwezi Agosti 1800. Watu wengi walikimbilia kumtazama, wakitumaini kumwona mwanadamu safi ambaye hajaharibiwa na mambo ya mjini. Walichokiona ni mtoto mchafu anayejitikisa mbele na nyuma kama mnyama aliyefungwa, anayewauma na kuwaparua wanaomkaribia, asiyemtazama mtu wala kumjali anayemlisha. Shauku yao ikageuka kuwa karaha, wakaondoka. Mtoto akaachwa akizurura katika bustani na darini mwa shule.

Philippe Pinel, daktari aliyeheshimiwa kuliko wote Ufaransa katika magonjwa ya akili, alimpima pamoja na wenzake. Hukumu yake ilikuwa nzito. Alimlinganisha na watoto taahira aliowajua hospitalini, akaona hana tofauti nao, na akahitimisha kwamba hapana matumaini ya kumfundisha lolote la maana. Kwa kauli ya mkubwa kama huyo, safari ya mtoto ilikuwa iishie katika nyumba ya wendawazimu.

Itard, daktari mdogo asiye na jina, alithubutu kuwa na rai nyingine. Yeye aliona kwamba mtoto yule hakuwa pungufu wa akili kwa maumbile, bali alikuwa amekosa kuishi na watu katika miaka ambayo binadamu hujifunza kuwa mtu. Sisi husema samaki mkunje angali mbichi. Swali la Itard lilikuwa hili: samaki aliyeanza kukauka, je, hawezi kabisa kukunjwa? Aliomba akabidhiwe mtoto huyo, na serikali ikakubali.

MADAME GUÉRIN NA KAZI YA KILA SIKU

Malezi ya mtoto yalikabidhiwa kwa Madame Guérin, mwanamke aliyeishi shuleni hapo pamoja na mumewe. Vitabu humtaja Itard, lakini kwa haki jina la mama huyu lapasa kuwekwa kando ya lake. Yeye ndiye aliyempikia mtoto, akamwosha, akamvika, akamtembeza bustanini na kumbembeleza alipolia. Itard alifundisha saa chache za mchana; Madame Guérin alifanya kazi hiyo mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka.

Itard aliweka shabaha tano, kama kamanda apangavyo vituo vya safari. Ya kwanza ilikuwa kumfanya mtoto ayapende maisha ya pamoja na watu, kwa kumpa mapumziko na vyakula alivyovizoea. Ya pili ilikuwa kuziamsha hisi zake. Ya tatu ilikuwa kumpa mahitaji mapya ili apate fikira mpya. Ya nne ilikuwa kumfundisha kusema. Ya tano ilikuwa kuizoeza akili yake, kwa kuanza na vitu anavyovihitaji kisha kuendelea na vitu vya masomo.

Hisi zake zilikuwa za ajabu. Aliingiza mkono katika maji yanayochemka akatoa viazi bila kuonyesha maumivu. Bastola ilipigwa nyuma yake, naye hakujali sana. Lakini tunda la jozi likivunjwa ganda chumba cha pili, aligeuka mara moja. Hapo Itard aliona jambo ambalo wengi hawakuliona: mtoto huyo si kiziwi. Masikio yake yalikuwa mazima, ila yalichagua yale tu ambayo msituni yalikuwa na faida, yaani sauti ya chakula. Sauti ya mwanadamu haikuwa na maana kwake, kwa kuwa haikupata kamwe kumpa kitu.

Kila siku aliogeshwa kwa maji ya moto kwa muda mrefu. Baada ya miezi michache ngozi iliyokuwa haina habari ya baridi ikaanza kuisikia. Mtoto akawa anachovya kidole kupima maji, na yakiwa ya vuguvugu anakataa kuingia. Akajifunza kuvaa nguo mwenyewe, kwa kuwa sasa alihitaji nguo. Siku moja Itard aliona kwamba anageuka kila asikiapo sauti ya o. Kwa ajili hiyo akampa jina la Victor, ambalo kwa matamshi ya Kifaransa sauti hiyo husikika wazi ndani yake. Mtoto asiye na jina akapata jina kutokana na sauti ya kwanza aliyoipenda.

HERUFI NNE MFUKONI

Kazi ya kumfundisha kusema ilikuwa ngumu kupita zote. Itard alimnyima maji kwa muda ili kiu imlazimishe kulitamka neno lake, lakini hakufaulu. Neno alilokuja kulitamka kwanza lilikuwa lile la maziwa, ambayo aliyapenda mno. Hata hivyo alilitamka baada ya kupewa maziwa, si kabla. Itard, ambaye hakujidanganya, aliandika kwamba hiyo ilikuwa sauti ya furaha tu, haikuwa bado lugha. Maana lugha ni kuomba kitu kisichokuwapo, wala si kushangilia kilicho mkononi.

Ndipo akageukia njia ya macho. Alichora picha za vyombo vya nyumbani ubaoni, akaning'iniza kila chombo juu ya picha yake, kisha akaviondoa na kumtaka Victor avirudishe mahali pake. Akapita kwenye maumbo ya karatasi za rangi, duara na pembetatu na mraba. Akapita tena kwenye herufi zilizokatwa, ambazo mtoto alizipanga chini ya zilizofanana nazo. Kila hatua ilikuwa ngumu kidogo kuliko iliyotangulia, na aliposhindwa alirudishwa hatua moja nyuma.

Victor alijifunza kupanga herufi nne za neno la maziwa, L, A, I na T, naye akipewa maziwa kila alipozipanga. Siku moja, alipokuwa akienda kumtembelea jirani aliyezoea kumpa maziwa, alizichukua herufi hizo nne kwa hiari yake, akazitia mfukoni. Alipofika akazipanga mezani. Hakuna aliyemwagiza. Kwa mara ya kwanza mtoto yule aliomba kwa maneno kitu ambacho hakijawekwa mbele yake. Itard aliyaandika hayo katika taarifa yake ya kwanza ya mwaka 1801, ambayo ilisomwa katika nchi nyingi za Ulaya.

Miaka iliyofuata Victor alijifunza kusoma na kuandika majina ya vitu, sifa na vitendo. Aliweza kusoma amri iliyoandikwa na kuitimiza bila kuambiwa kwa mdomo. Makosa yake yenyewe yalikuwa na mafunzo. Mwanzo alidhani neno la kitabu ni jina la kitabu kimoja tu, kile alichofundishiwa, na kitabu kingine chochote hakukitambua. Baadaye akavuka mpaka upande wa pili, akawa anaita wembe kwa jina la kisu kwa kuwa vyote viwili hukata. Kila mzazi aliyepata kumsikia mtoto mdogo akijifunza kusema atazitambua hatua hizo.

UKALI NA HAKI

Tusimfanye Itard kuwa malaika. Alikuwa mtu wa amri, na mara nyingine alivuka mpaka. Victor alipoanza kugoma masomo kwa kutupa vitu na kujiangusha, Itard, akijua kwamba mtoto huogopa sana mahali pa juu, alimshika akamtoa dirishani kwenye ghorofa ya juu, kichwa chini, mpaka akatetemeka. Mtoto alirudi akaokota herufi zake, kisha akalala kitandani akalia. Leo mwalimu afanyaye hivyo angeshtakiwa, na ni haki ashtakiwe.

Jaribio jingine lake lilikuwa la kutaka kujua kama Victor anayo hisia ya haki. Kwa kawaida mtoto huyo aliposhindwa alipokea adhabu bila kupinga. Siku moja, baada ya kufanya kazi yake vizuri kabisa na huku akingoja sifa, Itard alimkaripia na kuanza kumburuta kwenda chumba cha giza. Victor alipigana kwa nguvu zake zote, na mwishowe akamwuma Itard mkono kwa nguvu. Daktari aliumia lakini akafurahi, kwa kuwa jino lile lilikuwa ushahidi. Mtu asiyeijua haki hapigani kwa kuonewa. Mtoto aliyehukumiwa kuwa sawa na mnyama alikuwa ameonyesha kwamba ajua tofauti ya adhabu iliyostahili na ile isiyostahili.

VICTOR MIKONONI MWA POLISI

Katika taarifa yake ya pili, aliyoiandika mwaka 1806, Itard asimulia kisa ambacho kila polisi angefaa kukijua. Victor alitoroka nyumbani, akaenda kaskazini hadi msitu wa Senlis. Njaa ilipomsukuma nje ya msitu akaangukia mikononi mwa jandarmeri, ambao ni askari wenye kulinda amani katika mashamba na barabara za Ufaransa. Waliona kijana asiye na kazi, asiye na karatasi, asiyejibu swali. Kwa sheria za siku zile huyo ni mzururaji. Wakamweka kizuizini muda wa majuma mawili.

Hatuna sababu ya kuwalaumu sana askari wale. Walifuata sheria, na hawakuwa na njia ya kujua. Lakini tufikiri hali ya kijana huyo katika siku zile 14. Alikuwa amejifunza kuomba kwa herufi, na pale hapakuwa na herufi. Alikuwa na jina, na hakuweza kulitaja. Alikuwa na nyumba, na mama wa kumlea aliyekuwa akimtafuta, na hakuweza kusema ni wapi.

Hatimaye alitambuliwa, akarudishwa Paris, akawekwa katika gereza la Temple mpaka Madame Guérin akaja kumchukua. Watu wengi walikusanyika kutazama. Victor alipomwona mama huyo alibadilika rangi, akazimia kidogo. Alipokumbatiwa akazinduka, akaonyesha furaha kubwa kwa sauti na mikono, hata waliokuwapo wakaona kuwa huyu si mkimbizi anayerudishwa kifungoni, bali ni mwana aliyepotea akionana na mamaye. Hapana karatasi ambayo ingemtambulisha vyema kuliko hivyo.

Wakati mwingine mume wa Madame Guérin alifariki. Victor ndiye aliyekuwa na kazi ya kutandika meza, na siku ile, asijue habari, aliweka sahani ya marehemu mahali pake kama kawaida. Mjane alipoiona alibubujikwa na machozi. Kijana akafahamu kwamba ndiye aliyemliza. Akaiondoa sahani, akairudisha kabatini taratibu, wala hakuiweka mezani tena. Huyo ndiye ambaye mabingwa walisema hawezi kufundishwa lolote.

KIPIMO CHA KUSHINDWA

Pamoja na hayo yote, Victor hakusema. Baada ya miaka mitano hivi ya kazi, matamshi yake yalibaki sauti chache tu, na Itard akaiacha shabaha hiyo. Aliona kwamba ameshindwa, akaandika hivyo bila kuficha, na kazi ya kumfundisha ikakoma. Serikali iliendelea kumlipa Madame Guérin posho ya kumtunza. Victor aliishi naye katika nyumba iliyokuwa karibu na shule mpaka alipofariki mwaka 1828, akiwa na umri wa karibu miaka 40.

Wataalamu wa baadaye wamebishana sana juu ya kijana huyo. Wengine wasema alikuwa na kasoro tangu kuzaliwa, na kwamba pengine ndiyo iliyowafanya wazazi wamtupe. Wengine hutaja hali iitwayo otizimu, ambayo katika siku za Itard haikuwa na jina. Wengine husisitiza kwamba lugha ina majira yake ya kupandwa, na kwa Victor mvua zilikuwa zimekwisha kupita. Hapana anayeweza kuthibitisha.

Liko hata hivyo jambo moja ambalo kila asomaye hulishangaa. Victor aliishi katika shule ya viziwi, akizungukwa na watoto waliozungumza kutwa kwa mikono. Yeye mwenyewe alikuwa na ishara zake: mgeni akikaa mno hata kumchosha, Victor alimletea kofia, glavu na fimbo yake, akamsukuma taratibu mlangoni. Itard aliyaona hayo na kuyasifu katika taarifa yake, lakini hakumfundisha lugha ya ishara. Kwa fikira zake wakati huo, lugha ya kweli ilikuwa ile itokayo mdomoni. Huenda mlango aliokuwa akiugonga kwa miaka mitano ulikuwa umefungwa, na mlango wa pili ulikuwa wazi kando yake.

VIZIWI WALIVYOMFUNDISHA DAKTARI

Fikira hizo hizo ziliwaletea wanafunzi wengine wa shule ile maumivu makubwa. Itard aliutaka uziwi utibiwe kama ugonjwa. Alitumia umeme, ruba, dawa za kuchoma ngozi na kutoboa viwambo vya masikio ya watoto. Karibu matibabu yote hayo hayakuleta faida yoyote, na mwishowe yeye mwenyewe alikiri kwamba udaktari hauna la kulifanyia sikio lililokufa.

Katika kazi hiyo ndefu, hata hivyo, alipata elimu iliyobaki. Alitambua kwamba si wote waitwao viziwi wasiosikia kabisa, akawapanga katika madaraja matano kwa kadiri ya usikivu wao, na wale wenye mabaki ya usikivu akawazoeza kwa kengele, ngoma na filimbi, macho yao yakiwa yamefungwa. Kitabu chake cha mwaka 1821 juu ya magonjwa ya masikio kilikuwa miongoni mwa vya kwanza vya namna yake. Baadaye aliandika juu ya watoto wanaosikia vyema lakini hawasemi kwa sababu ya hitilafu ya akili, akiwatenga na viziwi. Utengano huo waonekana mdogo kwenye karatasi, lakini ndio msingi wa shule za leo, maana mtoto hawezi kufundishwa sawasawa kabla ya kujulikana ni kitu gani kinachomzuia.

Tena, kwa kuishi na viziwi miaka mingi na kuwaona walimu viziwi kama Jean Massieu wakifundisha kwa ufasaha, msimamo wake juu ya ishara ulilainika, akakubali kwamba zina manufaa makubwa katika kumfundisha kiziwi. Lakini hakubadilika kabisa. Katika wosia wake aliacha mali kwa ajili ya darasa la ziada ambamo ishara hazingetumiwa. Na mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, uliamua kwamba usemi wa mdomo upewe nafasi ya kwanza, na katika shule nyingi ishara zikapigwa marufuku kwa muda wa karibu miaka 100. Vizazi vya watoto vilifungwa mikono darasani kwa sababu ya kosa lile lile la kudhani kwamba lugha hukaa ulimini peke yake.

URITHI WAKE

Itard alifariki mwezi Julai 1838 huko Passy, karibu na Paris. Hakuoa wala hakuacha mtoto. Alichoacha ni njia ya kufundisha, nayo ilipata warithi.

Katika siku zake za mwisho alimwongoza kijana aitwaye Édouard Séguin, ambaye alizichukua herufi na maumbo ya Itard, akawafundisha kwayo watoto taahira mjini Paris, kisha akavuka bahari kwenda Marekani kuisambaza kazi hiyo. Miaka mingi baadaye daktari wa kike wa Italia, Maria Montessori, alizisoma taarifa za Itard na vitabu vya Séguin kwa bidii hata akavitafsiri na kuvinakili kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1907 alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, mjini Roma. Leo shule za watoto wadogo zenye kufuata njia ya Montessori zimo hata katika miji ya Afrika Mashariki. Mtoto apitishapo kidole juu ya herufi iliyokatwa, au apangapo maumbo ya mbao katika matundu yake, anatumia vifaa ambavyo ukoo wao warudi mpaka kwa Victor.

Mtu aweza kuuliza kama Itard alifaulu au alishindwa. Kama kipimo ni kusema, alishindwa. Lakini mtoto aliyeletwa Paris akiuma na kuparua alikufa akiwa mtu aliyejua kupenda, kutii, kuona haya, kudai haki na kuwahurumia wenye msiba. Bingwa alikuwa amesema hilo haliwezekani. Itard hakubishana naye kwa maneno. Alichukua herufi na ubao, akaanza kazi.

Kwa askari na polisi, kisa cha Senlis ndicho cha kukumbukwa. Mtu asiyejibu si lazima awe mkaidi, wala mlevi, wala mwenye hatia. Kabla ya kukata shauri yafaa kutazama mikono yake na uso wake, kujaribu ishara, kumpa kalamu kama anajua kuandika, na kuulizia jirani kama yupo anayemfahamu. Na kama ni mtoto, yafaa kuwauliza wazazi wake kama amepelekwa shule. Jandarmeri wa Senlis walimshika kijana kwa majuma mawili wasijue walichokishika. Aliyemtambua hakuwa na cheo wala silaha. Alikuwa mama mlezi aliyefika mlangoni mwa gereza na kumfungulia mikono yake.